Naomba ushauri: mwanangu aitwe Kato au Doto?

MamaPacha, Masaka
Habari zenu wapendwa. Mimi ni Msukuma wa Mwanza, nimeolewa na Muganda. Mungu ametujalia mapacha, wa kwanza msichana, wa pili mvulana. Wakwe wamekwisha waita Babirye na Kato. Baba yangu naye anashikilia kwamba kwetu mapacha ni Kulwa na Doto. Babirye nimelipenda. Ila Kato naona kama namba tu, na wako wengi mno. Lina historia yoyote? Hatujaandikisha vyeti bado.

Ssalongo wa Mityana
Hongera sana Nnalongo, maana ndivyo unavyoitwa sasa, na mumeo ni Ssalongo. Dada, Kato halichaguliwi. Pacha wa pili akiwa wa kiume amekuja nalo. Hata ukiandika jingine, ukoo mzima utamwita Kato mpaka azeeke. Wangetangulia mvulana na binti akafuata, ungekuwa na Wasswa na Nakato. Atakayezaliwa baada yao ni Kizza, kisha Kamya. Hata mtoto aliyewatangulia mapacha ana lake, Kigongo. Wengi ni kweli, lakini ukisikia Kato unajua ana mwenzake, na mama yao anapewa heshima yake. Mimi hapo sioni unyonge wowote.

Mnyoro wa Hoima
Historia ipo, tena ya kifalme! Kwa masimulizi ya Bunyoro, Isingoma Mpuga Rukidi, mfalme wa kwanza wa Wababiito, nasaba ya kifalme ya huku kwetu, alikuwa pacha, na nduguye Kato Kimera ndiye aliyekwenda kutawala Buganda. Waganda wanasimulia vingine: kwao Kimera ni Kabaka wa tatu, mwana wa Kalimera, aliyezaliwa huku kwetu. Hayo tusigombanie hapa. Mwambie mzee pia kwamba Wahaya wa Bukoba, jirani zenu wa ziwani, wana Ishengoma na Kato.

Binti Bombo
Sisi Waislamu huku utasikia Hassan Wasswa na Hussein Kato, majina yanakaa pamoja vizuri tu. Andikisha Kato, jina la ukoo, na Doto. Usimnyime babu haki yake.

MamaPacha, Masaka
Asanteni sana, hiyo ya Wahaya nampigia baba leo. Je, hilo la ukoo naruhusiwa kuchagua?

Ssalongo wa Mityana
Linatoka upande wa baba, na kila ukoo una majina yake. Mwombe mumeo akutajie kadhaa, useme unalolipenda. Ninyi ni ukoo gani? Sisi ni Nkima.