Nina MS, nimeuziwa dawa za nywele bila hata kuulizwa natumia dawa gani!

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Nina MS. Kwa wasioijua: kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ukipishana nami njiani hutajua kitu, ila mguu wangu wa kushoto una mambo yake. Mwaka jana nilianzishiwa teriflunomidi, dawa ya MS. Kufika mwezi wa tatu nikawa naokota nywele kwenye mto, kwenye kitana, mpaka kwenye sahani ya wali.

Nikaenda kliniki moja ya nywele hapa Dar, siitaji, ya mapazia meupe na kahawa ya bure. Dada wa pale akanipiga picha utosini, akasikitika, akanipangia "kifurushi": vidonge vya minoksidili, vidonge vya bayotini (vitamini) vya mikrogramu 10,000 na stima ya mvuke wa moto kichwani kila wiki. Fomu yao ina sehemu ya kujaza umewajulia wapi, Instagram au kwa rafiki. Sehemu ya dawa unazotumia haipo! Nikamwambia kwa mdomo, "Dada, mimi nina MS." Akanijibu, "Usijali mpenzi, hivi vyote ni vya asili."

Asili ya wapi? Minoksidili ilianza kama kidonge cha presha iliyoshindikana, nywele zikaja kama maudhi tu, wagonjwa wakaanza kuota manyoya hadi usoni. Kazi yake ni kutanua mishipa ya damu. Na mimi kila usiku nameza tizanidini ya kulegeza misuli, ambayo nayo inashusha presha. Siku ya tano niliamka alfajiri kwenda msalani, nikajikuta nimelala sakafuni, moyo unakwenda mbio, mwanangu ananimwagia maji.

Stima sitaisema sana. Dakika kumi tu jicho la kulia likaingia ukungu, lilelile lililougua zamani. Mwenye MS akipata joto dalili za nyuma hurudi kwa muda. Daktari wa macho wa Ujerumani, Uhthoff, aliandika mwaka 1890 kuhusu wagonjwa walioingiwa ukungu machoni wakijichosha kwa mazoezi, baadaye ikajulikana kuwa ni joto. Nilipopoa likafunguka.

Kilichonichoma roho ni bayotini. Damu yangu hupimwa kila mara kuangalia ini. Safari hii, kwa sababu ya moyo kwenda mbio, daktari akaongeza kipimo cha tezi ya shingo. Majibu: homoni ya TSH iko chini, ya T4 iko juu, yaani tezi inafanya kazi kupita kiasi. Nikaandikiwa karbimazoli ya kuituliza tezi. Nililia kwenye daladala, nikijua sasa nina magonjwa mawili.

Aliyeniokoa ni kijana wa duka la dawa. Kabla hajanifungia akauliza, "Dada, kuna vitamini yoyote unameza?" Nikamwonyesha kopo. Akasema rudi ukapime upya, hii karbimazoli usiinywe kwanza. Kumbe mitambo mingi ya kupima homoni inatumia bayotini hiyohiyo kwenye kemikali zake, kwa hiyo ikijaa kwenye damu majibu yanadanganya. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilishatoa onyo tangu 2017. Nikaacha bayotini wiki nzima, nikapima tena. Tezi nzima kabisa!

Swali moja tu. Kijana wa kaunta aliliuliza bure, kliniki iliyochukua hela yangu haikuliuliza.

Sisemi wenye MS tusitibu nywele. Minoksidili ya kupaka, kwa mfano, huingia kidogo sana kwenye damu, na kuna wanaoitumia vizuri wakiongozwa na daktari wao. Hasira yangu ni kuuziwa vidonge kama unauziwa rasta. Tena daktari wangu wa mishipa ya fahamu aliposikia alishika kichwa: nywele zinazopungua kwa teriflunomidi kwa wengi hurudi zenyewe baada ya miezi, bila hata kuacha dawa. Ningekaa tu na kilemba changu.

(Wa kushauri kupaka juisi ya kitunguu kichwani, naomba leo mpite pembeni.)

Niliwatumia picha za majibu yote mawili ya maabara, nikadai hela yangu. Tiki mbili za bluu, kimya. Jana ndiyo wamenijibu: "Habari mpenzi, kifurushi chako kinakaribia kuisha, tukuwekee kingine?"