Mjadala: Je, Reb Saunders alimlea mwanawe au alimtesa?

Mchangiaji aliyenitangulia anadai kwamba ukimya wa Reb Saunders, katika riwaya ya Chaim Potok iitwayo The Chosen (1967), ulikuwa malezi magumu lakini ya haki, kwa kuwa mwanawe Danny alikua mtu mwenye huruma, na mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Napinga hoja hiyo kwa ushahidi wa riwaya yenyewe.

Kwa ambaye hajaisoma: tuko Williamsburg, Brooklyn, mwaka 1944. Reuven Malter na Danny Saunders, vijana wa Kiyahudi wenye miaka 15, wanakutana katika mechi ya besiboli. Mpira alioupiga Danny unavunja miwani ya Reuven, na kipande cha kioo kinamwingia jichoni. Danny anamfuata hospitalini kuomba radhi, na huko urafiki unaanza. Babake Danny, Reb Saunders, ni kiongozi wa Wahasidi, Wayahudi wanaoshika dini kwa ukali, naye hazungumzi na mwanawe isipokuwa wanapojifunza Talmudi, kitabu cha sheria na mafundisho ya Kiyahudi.

Sababu anaitoa mwenyewe. Danny akiwa na miaka minne alisoma hadithi na kuisimulia yote kwa kichwa, akijivunia kumbukumbu yake, wala mateso ya mtu aliyesimuliwa hayakumgusa. Baba akaogopa, kwa sababu ndugu yake mwenye akili za namna hiyohiyo alikuwa ameiacha njia ya wazazi. Akaamua mtoto ajifunze maumivu kwa kunyimwa sauti ya baba. Hofu hiyo naielewa, na sisemi kwamba hakumpenda mwanawe.

Ila tuulize ni nani aliyekuwa akimsikiliza Danny miaka yote hiyo. Maktabani, alikokwenda kwa siri, aliyemshauri vitabu vya kusoma alikuwa David Malter, babake Reuven, kabla Danny hajalijua hata jina lake. Nje ya maktaba alikuwepo Reuven. Kisha David Malter akahutubia mkutano wa hadhara kuunga mkono kuundwa kwa dola ya Kiyahudi, na Reb Saunders, aliyeamini kwamba dola hiyo haina budi kumngoja Masihi, akampiga mwanawe marufuku kusema na Reuven. Wakawa wanapishana katika chuo kimoja bila salamu. Hapo ndipo ninaposhindwa kabisa kuukubali utetezi wa mchangiaji mwenzangu, maana baba aliyekwisha kumnyima mtoto sauti yake alimnyima pia sauti ya rafiki, tena kwa ugomvi wa siasa usiohusiana hata kidogo na kumfunza huruma.

Ilipofika Pasaka ya Kiyahudi ambayo baba alikubali hatimaye kueleza, alimtazama Reuven na kumzungumzia Danny kana kwamba hayupo, ilhali kijana ameketi palepale akilia. Hata kuvunja ukimya kulihitaji rafiki wa kupitia. Na mwisho wa maneno yake alimwomba mwanawe msamaha, akikiri kwamba baba mwenye hekima zaidi huenda angefanya vingine.

Najua nitajibiwa kwa ukurasa wa mwisho, ambapo Danny, akielekea Chuo Kikuu cha Columbia kusomea saikolojia, anaulizwa kama naye atamlea mwanawe kwa ukimya, akajibu kuwa ndiyo, ikiwa hatapata njia nyingine. Wanaomtetea Reb Saunders hulishika jibu hilo na kuliacha sharti lake. Aliyeuliza alikuwa David Malter, na Danny alijibu akiwa nyumbani kwa baba huyo, ambaye alikuwa amemlea Reuven kwa kuzungumza naye kila siku.