Klabu iliyoburuza mkia ligi ya AFL, Australia: ujenzi uanzie wapi?

Mtaa_wa_Arden

Wakuu, salaam.

Nawaletea suala la North Melbourne, klabu ya AFL, ligi kuu ya mpira wa Kiaustralia (si soka: mpira hupigwa kwa mguu na pia hudakwa kwa mikono). Naomba majibu ya watu wanaoifuatilia AFL kwa karibu, maana "tuwe na subira" tumeshaisikia ya kutosha.

Kuanzia msimu wa 2020 hadi 2024 timu ilicheza mechi 107. Imeshinda 15, sare 1, imefungwa 91. Mwaka 2021 na 2022 ilishika mkia, na ile miaka mingine mitatu ikawa ya pili kutoka chini. Hii ni klabu yenye ubingwa mara nne: 1975, 1977, 1996 na 1999. Inauma.

Wakati huohuo drafti imewapa vijana wa juu kabisa. Jason Horne-Francis alikuwa chaguo la 1 mwaka 2021, na baada ya msimu mmoja akaomba kwenda Port Adelaide. Mwaka 2022 wakapata Harry Sheezel kwa chaguo la 3 na George Wardlaw kwa la 4. Mwaka 2023 Colby McKercher la 2 na Zane Duursma la 4. Mwaka 2024 Finn O'Sullivan la 2. Kocha ni Alastair Clarkson, aliyeipa Hawthorn ubingwa mara nne.

Vipaji vipo, kocha yupo, na bado mechi nyingi zimeshaamuliwa kabla ya mapumziko. Ungekuwa wewe ndiye mwenye uamuzi, ungeshika lipi kwanza, na lipi ungeliacha lisubiri?

(Kwa wasioijua: drafti ni zamu ya kuchagua vijana kila mwisho wa mwaka. Aliyemaliza wa mwisho huchagua wa kwanza.)

---

Beki_wa_Mwisho

Mkuu, mimi ningeanzia nyuma. Watu wanahesabu viungo na chaguo za drafti, lakini timu ya aina hii inafia kwenye ulinzi, na sababu ni ya kisheria kabisa.

Tangu 2019 kuna kanuni ya sita-sita-sita. Mpira unapoanzishwa katikati, yaani mwanzo wa robo na kila baada ya goli, kila timu lazima iwe na watu sita ndani ya mita 50 za mbele, sita ndani ya mita 50 za nyuma, na sita katikati: wanne kwenye mraba, wawili pembeni. Zamani kocha aliyezidiwa alishusha mtu au wawili wa ziada nyuma kabla mpira haujadundishwa, akazima moto. Sasa haruhusiwi. Ukipoteza ule mpira wa katikati, pigo moja refu linamkuta beki wako ana kwa ana na mshambuliaji, na nyuma yake hakuna mtu. Goli, pointi 6. Mpira unarudi katikati, na mambo ni yaleyale. Ndiyo maana timu dhaifu haifungwi goli moja moja, inafungwa kwa mikururo.

Sasa tazama kilichotokea mwisho wa 2023. Ben McKay, beki mrefu wa miaka 25, aliondoka kama mchezaji huru kwenda Essendon. Ligi ikaifidia klabu kwa chaguo la 3. Kwenye makaratasi ni biashara nzuri. Uwanjani umempoteza beki aliyekomaa ukapewa nafasi ya kijana wa miaka 18. Na beki mrefu ni mtu anayechelewa kuiva kuliko kiungo: anahitaji misimu minne au mitano ya kujenga mwili, ili mshambuliaji wa kilo 100 akimwegemea kabla ya kuruka asiyumbe.

Ninachotafuta ni mtu wa aina ya Aliir Aliir. Alizaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, akakulia Australia. Klabu yake, Sydney, hawakuwa na nafasi ya uhakika kwake. Akahamia Port Adelaide mwisho wa 2020 akiwa na miaka 26, na mwaka 2021 akatajwa kwenye kikosi bora cha msimu cha ligi nzima. Mtu kama huyo hakai na mshambuliaji wake muda wote. Anamwangalia mpigaji, anasoma mpira unakokwenda, anamwacha mtu wake na kwenda kuudaka. Ila kuna sharti: mpigaji awe amebanwa na viungo. Akipewa sekunde mbili za kutulia na kuchagua pa kupiga, beki bora kuliko wote ataonekana hajui kazi.

Kwa hiyo ningefanya mambo mawili papo hapo. Mchezaji wa pembeni aliye upande wa goli letu asiingie kwenye purukushani ya kugombea mpira. Abaki hatua 20 nyuma yake, kazi yake iwe kufunga njia. La pili, tuache kupitisha mpira katikati ya uwanja pasipo sababu. Tangu 2021 mtu anayesimama mbele ya mpigaji aliyedaka mpira na kujiandaa kupiga haruhusiwi kusogea, hivyo pigo la kukata kwenda katikati limekuwa rahisi na linatamanisha. Timu changa inalipiga wakati mabeki wake wameshapanda wote. Mpira ukidondoka hapo, hakuna wa kurudi.

---

Daftari_la_Kikosi

Nakubaliana na Beki, ila naongeza kwamba tatizo hilo limezaliwa kwenye umri wa kikosi. Ukipanga majina kwa miaka yao utaona shimo kati ya 24 na 28. Huo ndio umri wa mtu kucheza robo ya nne kwa kasi ileile ya robo ya kwanza.

Shimo lenyewe lina historia. Mwisho wa 2016 waliagwa kwa mpigo Brent Harvey, Drew Petrie, Michael Firrito na Nick Dal Santo. Mwisho wa 2020 wakapunguza wengi tena, na Ben Brown akaenda klabu ya Melbourne, ambako mwaka uliofuata alibeba kombe. Kupunguza wazee si kosa. Kosa ni kukata na kupanda mbegu peke yake, bila kununua miche iliyokwisha kushika mizizi.

Mfano ulio karibu ni Melbourne. Mwaka 2013 walishinda mechi 2. Raundi ya pili tu walichapwa na Essendon kwa tofauti ya pointi 148. Kocha Paul Roos akapewa timu. Ushindi wa msimu ukawa hivi: 2014 mechi 4, 2015 mechi 7, 2016 mechi 10, kisha akamkabidhi Simon Goodwin kama ilivyopangwa tangu awali: 2017 mechi 12, 2018 mechi 14. Ubingwa ukaja 2021, wa kwanza tangu 1964.

Angalia walivyonunua. Hatua ya kwanza, mwisho wa 2013, ilikuwa watu wa kazi: Bernie Vince kutoka Adelaide na Daniel Cross kutoka Western Bulldogs. Hawakuletwa waje kuwa nyota. Kazi yao ilikuwa kumwonyesha kijana wa miaka 19 jinsi mchezaji wa kulipwa anavyoishi wiki nzima. Drafti ikaleta Christian Petracca (chaguo la 2, 2014) na Clayton Oliver (la 4, 2015). Viungo walipoiva ndipo wakalipa bei kubwa kwa mabeki: Jake Lever mwisho wa 2017, Steven May mwisho wa 2018. Wote wawili walikuwemo siku ya ubingwa.

Beki mwenzangu anataka mabeki kwanza. Mimi nasema kiungo aliyekomaa kwanza, kwa sababu uliyoitaja mwenyewe: bila mtu wa kumbana mpigaji, May asingekuwa May.

---

Chaguo_la_Kwanza

Wakuu, mnaupamba huo mpango wa Melbourne, na bei yake hamjaitaja. Mwisho wa 2013 walikuwa na chaguo la 2. Wakalitoa kwa klabu ya GWS (Greater Western Sydney), wakapata Dom Tyson na chaguo la 9, ambalo ndilo lililomleta Christian Salem. GWS wakatumia lile la 2 kumchukua Josh Kelly, kiungo aliyedumu kwenye ngazi ya juu kwa miaka mingi. Tyson alisaidia misimu michache akapitwa. Salem alibeba kombe, sawa. Lakini kila chaguo la juu unalouza leo ili usifedheheke mwaka huu, mtu mwingine anaweza kujengea timu juu yake.

Pia mzoefu wa miaka 31 au 32 ana misimu miwili, labda mitatu. North walipowachukua Luke Parker, Jack Darling na Caleb Daniel mwisho wa 2024 nililiona lengo, na Daniel bado ana umri. Ila akicheza mzoefu dakika ambazo Wardlaw au O'Sullivan angejifunzia, umeahirisha tatizo.

---

Daftari_la_Kikosi

Kelly nakupa, pale walipoteza. Lakini nikukumbushe upande wa pili wa shilingi, klabu hiyohiyo. Mwaka 2009 Melbourne walishinda mechi 4, na kwa kanuni ya wakati ule wakapata chaguo la 1 na la 2 kwa pamoja: Tom Scully na Jack Trengove. Scully aliondoka kwenda GWS baada ya misimu miwili. Trengove alipewa unahodha akiwa na miaka 20, na majeraha ya mguu yakamkwamisha. Uchunguzi kuhusu msimu ule wa 2009 ukaisha 2013 kwa faini ya dola 500,000, ingawa ligi ilisema haikuthibitika kwamba klabu ilikusudia kufungwa. Chaguo mbili za kwanza kabisa, na miaka minne baadaye wameshinda mechi 2. Kijana akiwekwa kwenye timu isiyo na wakubwa, anakua na mazoea ya kufungwa, na mengine hayamtoki.

Kuhusu dakika: mzoefu si lazima akae katikati. Kikomo cha kubadilisha wachezaji ni mara 75 kwa mechi. Kijana apewe mipira ya katikati robo ya kwanza na ya tatu akiwa na mapafu, mzoefu aingie pale mnapofungwa magoli mawili mfululizo. Hapo anatuliza, anapunguza mwendo, na mkururo unakatika.

---

Mweka_Hazina

Mmeongea uwanja tu. Klabu ndogo ya jiji la Melbourne inaanguka ofisini kwanza, ubao wa matokeo unafuata.

Mwaka 1990 Richmond walikuwa ukingoni mwa kufungwa, mashabiki wakachangishana kufikia dola milioni 1. Fitzroy hawakupata bahati hiyo: walicheza mechi ya mwisho 1 Septemba 1996 na wakaunganishwa na Brisbane Bears. Footscray mwaka 1989 walikaribia kuunganishwa na haohao Fitzroy, mashabiki wakapita nyumba kwa nyumba na kwenda mahakamani, klabu ikabaki. Ndiyo Western Bulldogs waliotwaa ubingwa 2016. North wenyewe walikataa kuhamia Gold Coast mwishoni mwa 2007. Kwa hiyo uhai upo. Swali ni utulivu.

Hapo Richmond ndio funzo. Mkurugenzi mtendaji, Brendon Gale, alitangaza mpango mwaka 2010: ubingwa mara tatu, wanachama 75,000 na deni sifuri ifikapo 2020. Wengi walimcheka. Wakachukua ubingwa 2017, 2019 na 2020, na wanachama wakapita 100,000 mwaka 2018. Jambo ninalolipenda zaidi ni uamuzi wa 2016. Walimaliza nafasi ya 13, kelele za kumfukuza Damien Hardwick zilikuwa kubwa, na kundi likajitokeza kutaka kuiondoa bodi. Bodi ikakagua idara ya mpira, ikabadilisha wasaidizi wa kocha, ikambakiza kocha. Mwaka mmoja baadaye, kombe.

North walipitia makocha wangapi? Brad Scott katikati ya 2019, Rhyce Shaw, David Noble hadi katikati ya 2022, kisha Clarkson. Kila kocha ana lugha yake ya ulinzi. Kijana aliyeingia 2019 amefundishwa mara nne pa kusimama.

---

Mtaa_wa_Arden

Nashukuru sana, hii ndiyo mijadala niliyoitaka. Mweka Hazina, swali moja la fedha: timu changa mishahara yake si iko chini? Kwa nini klabu isiwavute wachezaji wa miaka 25 kwa pesa tu?

---

Mweka_Hazina

Kanuni inadai kila klabu itumie angalau asilimia 95 ya kikomo cha mishahara, hata kama imeshika mkia. Pesa ile itatumika kwa vyovyote. Kosa la kawaida ni kumwaga kwa wachezaji wa kati mikataba mirefu ya kiwango kilekile kila mwaka. Miaka minne baadaye vijana wako wanadai malipo yao halali na huna nafasi.

Mkataba wa mtu wa miaka 25 uandikwe ukiwa mzito mbele. Tuseme ni miaka mitano: sehemu kubwa ya fedha ilipwe miaka miwili ya kwanza, wakati Sheezel na wenzake bado wako kwenye malipo madogo, halafu ishuke. Vijana wanapofika umri wa kuvutiwa na klabu nyingine, nafasi iko wazi.

Na pesa peke yake haimvuti mtu wa miaka 25. Huyo anauliza nani atakuwa kocha mwaka wa tatu, na anaangalia nani amesaini kabla yake. Kwa hiyo sahihi ya kwanza kutafutwa ni ya Sheezel, kabla ya ya mgeni yeyote.

---

Beki_wa_Mwisho

Hapo sina neno. Sahihi ya pili iwe ya beki mrefu.