Gitaa la besi la bei nafuu linavuma na sauti yake imefifia: nianze kubadilisha kitu gani?

BesiYaKwaya (Morogoro)

Wakuu, habari za leo. Ninapiga besi katika kwaya ya kanisa letu hapa Morogoro. Gitaa ninalotumia ni la nyuzi nne, nakala ya bei nafuu ya Jazz Bass (modeli maarufu ya Fender), lenye pikapu mbili (vile vipande vya sumaku na waya uliozungushwa, yaani koili, vinavyonasa mtikisiko wa nyuzi), nobu mbili za volyumu na moja ya toni. Nililinunua mkononi mwa mtu miaka mitatu iliyopita kwa shilingi 280,000, na kwa upande wa mbao sina lalamiko lolote: shingo imenyooka na tyuni haipotei hata tukipiga ibada mbili mfululizo. Tatizo liko kwenye umeme wake.

Kwanza, linavuma. Mvumo huo haubadiliki nikishika nyuzi au nikiziachia, lakini nikigusa kwa kidole chuma cha plagi ya kebo pale inapoingia kwenye gitaa, unapungua sana. Pili, nobu za volyumu zinakwaruza, na ile ya pikapu ya mbele nikiirudisha nyuma haionyeshi tofauti yoyote mpaka inapokaribia mwisho, ndipo sauti inapotoweka ghafla. Tatu, sauti yenyewe imefifia. Kinanda na ngoma vikiingia, watu wanasikia uzito fulani chini lakini hawatofautishi noti moja na nyingine.

Nimejiwekea shilingi 150,000. Mwenzangu mmoja ananishauri ninunue pikapu mpya zote mbili, mwingine anasema nifunge priampu ya betri, yaani saketi ndogo ya kukuza sauti ndani ya gitaa lenyewe. Kulehemu ninaweza kiasi, kwa kuwa nimewahi kutengeneza redio na spika za nyumbani. Naomba ushauri wa wenye uzoefu: fedha hii niielekeze wapi kwanza?

FundiWaNyaya (Dar es Salaam)

Ndugu BesiYaKwaya, umeeleza vizuri kiasi kwamba nusu ya jibu imo ndani ya swali lako. Usinunue chochote wiki hii. Azima multimita (kipimo cha umeme na ukinzani), legeza nyuzi, kisha ufungue lile bamba la chuma lenye nobu.

Mwili wa mpigaji hupokea mawimbi ya umeme wa nyumba, ule wa mizunguko 50 kwa sekunde, na kuyasogeza karibu na pikapu. Ndiyo sababu kila gitaa la umeme la aina hii huwa na waya mwembamba unaotoka kwenye mgongo wa poti (kile kipuri cha ukinzani kinachozungushwa na nobu), ukapita ndani ya mbao kupitia tundu dogo, na kuishia chini ya daraja la nyuzi. Kazi yake ni kuunganisha nyuzi na ethi ya kebo (upande wake wa ardhini), ili unapoweka vidole kwenye nyuzi mwili wako nao uunganike na ethi, na mvumo utulie. Kama mvumo unapungua ukigusa plagi lakini haupungui ukigusa nyuzi, basi waya huo umekatika, au ncha yake haigusi chuma cha daraja. Weka ncha moja ya multimita kwenye daraja na nyingine kwenye sehemu ya nje ya tundu la kebo. Usomaji unapaswa kuwa karibu na sifuri. Ukikuta hakuna mawasiliano kabisa, umempata mkosaji, na dawa yake ni kipande cha waya na tone la lehemu.

Hapa niongeze jambo ambalo nisingependa mtu alipite haraka. Ukisharekebisha waya huo, nyuzi zako zitakuwa zimeunganika na bodi ya chuma ya amplifaya kupitia kebo, kwa hiyo ni lazima soketi ya ukutani iwe na ethi ya kweli. Kwenye kumbi nyingi nimekuta ekstensheni za nyaya mbili tu, na amplifaya ya besi imechomekwa humo. Mpigaji akishika nyuzi huku mdomo ukigusa maikrofoni ya mfumo mwingine, anaweza kupigwa shoti mbaya. Mtu akikushauri kukata pini ya ethi ya amplifaya ili mvumo uondoke, mkatalie.

Tuje kwenye poti. Geuza bamba usome maandishi yaliyo mgongoni mwa kila moja. Nina karibu uhakika utakuta herufi B. Kwenye poti nyingi zinazotengenezwa Asia, B ni ile ambayo ukinzani wake unabadilika kwa kiasi kilekile katika kila sehemu ya mzunguko, na A ni ile inayobadilika kwa kufuata namna sikio linavyohisi ukubwa wa sauti. Ukiweka B kwenye volyumu, sehemu kubwa ya mzunguko haifanyi kazi ya maana, kisha sauti yote inaporomoka mwishoni, kama ulivyoeleza. Kwa hiyo tafuta A250K tatu. Kilo-omu 250 ndicho kipimo cha kawaida cha Jazz Bass, na volyumu zote mbili zikiwa zimefunguliwa kabisa, poti hizo mbili zinasimama sambamba na kuwa mzigo wa kilo-omu 125 kwa pikapu. Ukiweka za 500 mzigo unakuwa mwepesi na sauti za juu zinaongezeka, lakini na mkwaruzo wa vidole kwenye nyuzi nao unajitokeza zaidi. Mimi ningebaki na 250.

Kapasita ya toni, kile kipande kidogo kinachopeleka sauti za juu kwenye ethi, isikusumbue. Ikiwa imeandikwa 473, hiyo ni mikrofaradi 0.047 na inafaa. Ikiwa imeandikwa 104, hiyo ni 0.1, nayo itafanya toni iwe nzito sana ukiifunga. Kinachobadilisha toni ni thamani yake. Nimewahi kubadilishana kapasita ya bei ndogo na ile ya mafuta ya bei kubwa, zote zikiwa zimepimwa na kukutwa sawa, na sikusikia tofauti.

Kuhusu kufifia, niambie mambo mawili kabla hatujazungumzia pikapu: nyuzi hizo zina umri gani, na kebo yako ina urefu gani?

BesiYaKwaya (Morogoro)

Nashukuru sana, Fundi. Nyuzi ni zile nilizozikuta nilipolinunua. Kebo ni ya mita 10, kwa sababu amplifaya yetu inakaa upande wa pili wa madhabahu.

MpigaBesiPwani (Mombasa)

Fundi amesema kweli kuhusu ethi, na majibu haya mawili yamenipa picha kamili. Nyuzi za miaka mitatu zimejaa jasho na vumbi, na kebo ya kawaida inabeba takribani pikofaradi 100 kwa kila mita, maana yake kebo yako ya mita 10 inafanya kazi kama kapasita ya pikofaradi 1,000 iliyofungwa daima mbele ya gitaa lisilo na betri. Sauti za juu zinapotelea hapo kabla hazijafika kwenye amplifaya. Nyuzi mpya na kebo ya mita 5 vitakupa zaidi ya unavyodhani.

Hata hivyo ninaona pikapu zimepuuzwa mno katika jibu lile. Jazz Bass ilipotoka mwaka 1960, sifa yake ilikuwa pikapu mbili za koili moja moja, moja karibu na shingo na nyingine karibu na daraja. Katika mpangilio unaotumika siku hizi, pikapu hizo zinazungushwa waya kinyume na sumaku zake zinageuzwa kinyume, ili zote mbili zikifunguliwa sawasawa mvumo wa moja uufute wa nyingine. Kwenye nakala za bei nafuu nimekuta pikapu ambazo hazikupangwa hivyo, na kwa gitaa la namna hiyo hata ukikamilisha ethi utaendelea kusikia mvumo hata volyumu zote zikiwa zimefunguliwa. Jaribio lake ni rahisi: fungua zote mbili kabisa, usikilize, kisha punguza moja. Kama mvumo unaongezeka unapopunguza moja, pikapu zako zimepangwa vizuri na hazina sababu ya kutupwa.

Kabla ya kununua hata hivyo, rekebisha kimo cha pikapu, yaani umbali wake kutoka kwenye nyuzi. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, kisha upime nafasi iliyopo kati ya uzi na pikapu. Anza na takribani milimita 3 upande wa uzi mnene na 2.5 upande wa uzi mwembamba. Magitaa mengi ya bei nafuu huja pikapu zikiwa zimezama kabisa ndani ya mbao, na mtu anadhani zimechoka kumbe ziko mbali na nyuzi. Usizipandishe kupita kiasi, kwa sababu sumaku itaanza kuuvuta uzi na noti za juu zitakosa utulivu.

Na siku utakapoamua kununua, chukua rula kwanza. Katika Jazz Bass ya kawaida pikapu ya nyuma ni ndefu kidogo kuliko ya mbele, kwa milimita 3 hivi, lakini baadhi ya nakala zina mbili zinazolingana. Kijana mmoja hapa kwetu aliagiza seti kutoka nje, ikafika baada ya wiki nyingi, na ya nyuma ikakataa kuingia kwenye nafasi yake. Ilimbidi achonge mbao.

BesiNne (Nairobi)

Naomba niseme machache kuhusu priampu, kwa kuwa niliifunga kwenye gitaa langu la kwanza. Faida yake ni ya kweli: kebo ndefu haili tena sauti za juu, na unapata kuongeza besi au treble ukiwa jukwaani. Lakini priampu inakuza kila inachopewa, na ukiipa mvumo itakurudishia mvumo mkubwa zaidi. Utahitaji pia mahali pa kukaa betri ya volti 9, na tundu la kebo la stereo ambalo ndilo linalowasha saketi unapochomeka. Nilikuwa nikiacha kebo imechomekwa baada ya mazoezi, betri ikaisha, na Jumapili moja sauti ikaanza kukatika na kupasuka katikati ya wimbo. Kwa shilingi 150,000, na kwa gitaa lenye kasoro hizi, ningeiacha.

Kwa walioko Nairobi, poti za A250K ninazipata kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki ya Luthuli Avenue, ila ni zile ndogo zenye upana wa milimita 16. Hilo si tatizo kwa gitaa la bei nafuu, kwa sababu matundu ya bamba lake kwa kawaida yametobolewa kwa ajili ya poti za ukubwa huo. Zile kubwa za Marekani zinahitaji tundu la milimita 9.5 hivi, na itakubidi kulipanua kwa tupa.

BesiYaKwaya (Morogoro)

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili kutoa taarifa.

Nilipopima kati ya daraja na tundu la kebo, multimita haikusoma chochote. Nikafungua skrubu tano za daraja na kuliinua. Waya ulikuwepo, umetokeza kwenye tundu lake, lakini aliyeufunga aliumenya nusu sentimita tu, na sehemu iliyomenywa ilikuwa imejikunja ikarudi ndani ya tundu. Kilichobanwa chini ya daraja kilikuwa plastiki nyeusi, imebonyea na kuacha alama kwenye vanishi. Nikaumenya sentimita tatu, nikautandaza bapa kama feni, nikarudisha daraja. Multimita ikasoma omu 0.4, na nilipowasha amplifaya na kushika uzi, mvumo ulishuka saa hiyo hiyo. Nilikaa nikishika na kuachia mara nyingi, kwa furaha.

Poti zilikuwa B500K zote tatu. Nilipata A250K kwa fundi redio hapa mjini. Nyuma ya poti lehemu ilikataa kushika mpaka nilipopasugua kwa msasa, kisha pasi ya wati 40 ikafanya kazi kwa sekunde chache. Nimebadilisha nyuzi, nimepandisha pikapu (ya mbele ilikuwa milimita 6 kutoka kwenye uzi), na tumesogeza amplifaya ili nitumie kebo ya mita 5. Mwalimu wa kwaya aliniuliza kama nimeazima gitaa la mtu. Kati ya fedha zangu zimebaki zaidi ya shilingi 60,000.

Limebaki jambo moja. Volyumu zote mbili zikiwa zimefunguliwa kuna utulivu kabisa, lakini nikipunguza ya nyuma, mvumo mdogo unarudi, na unabadilika nikigeuka kuelekea kwenye taa za tyubu.

FundiWaNyaya (Dar es Salaam)

Hongera sana, ndugu yangu. Mvumo huo uliobaki una vyanzo viwili. Ule unaobadilika kwa kugeuka unatokana na uga wa sumaku wa umeme unaoingia kwenye koili moja, na hakuna kinga ya karatasi ya shaba inayouzuia. Ukitaka uishe kabisa itakubidi siku moja upate pikapu zenye koili mbili ndani ya umbo lilelile, na hapo ndipo ushauri wa ndugu wa Mombasa kuhusu rula utakapokufaa. Mlio mwembamba wa kuchokoza unaotokana na taa za tyubu, huo unapungua ukifunika kuta za shimo la nyaya kwa karatasi ya shaba yenye gundi.

Chagua shaba badala ya alumini ya jikoni, kwa sababu alumini haikubali lehemu ya kawaida. Vipande vipandane kwa nusu sentimita, na kila kiungo ukishike kwa tone la lehemu, kwa kuwa gundi ya baadhi ya karatasi hizo haipitishi umeme. Leta ukingo mmoja juu ya mbao ili bamba la nobu liugandamize linapofungwa, kisha upime tena kwa multimita kati ya shaba na daraja. Mwisho, bandika utepe wa kuhami umeme mahali ambapo ulimi wa tundu la kebo unakaribia ukuta, kwa sababu plagi ikiingia ulimi huo unasogea nje, na ukigusa shaba gitaa litanyamaza kabisa.