Tupeane uzoefu: zuio la korona lilikuachaje wewe mwanamke?

Dada zangu, tangu Shirika la Afya Duniani litangaze korona kuwa janga la dunia, Machi 11, 2020, barakoa na chanjo vimezungumzwa sana. Mwanamke aliyekula mtaji wake hadi ukaisha hazungumzwi hivyo. Naanza mimi.

Nilikuwa fundi cherehani. Mikusanyiko ilipopigwa marufuku, wateja walikatika. Nguo zilizokwisha kushonwa hazikuchukuliwa, na pesa yangu ilikuwa humo. Mwezi wa tatu wa zuio nikauza cherehani tukala. Shule nazo zimefungwa, mume yuko nyumbani kama mimi, lakini kupika, kufua na kusomesha watoto vyote vilinisubiri mimi. Zuio liliondolewa, watoto wakarudi shule. Cherehani haikurudi. Hadi leo nashona kwa ya kuazima.

*Mfanyakazi wa ndani:*
Pole fundi. Mimi nilikuwa nafua majumbani kwa kutwa. Bosi akasema nisije, anaogopa nitawaletea ugonjwa. Sina mkataba, basi ikaishia hapo. Msaada ulipotoka ulikuwa wa waajiriwa waliosajiliwa.

*Fundi:*
Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba kati ya 2019 na 2020 ajira za wanawake zilipungua kwa asilimia 4.2, za wanaume asilimia 3. Kazi za kutwa kama yako ndizo zilizotangulia kukatwa, maana kumwondoa mtu asiye na mkataba ni neno moja tu.

*Muuguzi:*
Sisi kazi haikukatika, iliongezeka. Nikitoka zamu nalala chumba cha peke yangu nisiwaambukize. Mwanangu wa miaka mitatu anagonga mlango, ananiita, sifungui. Ule mlango naukumbuka kuliko wodi.

*Mama wa wawili:*
Nimesita kuandika. Mume wangu aliachishwa kazi, kipigo kikaanza. Wanasema piga simu ya msaada. Utapigaje na mtu mko naye chumba kimoja mchana na usiku, na nje hakuruhusiwi? Nilikuwa natoka kumwaga taka ndipo nipate dakika mbili za kuongea na dada yangu.

*Fundi:*
Pole sana, mama. Usilotaka kulieleza, liache. Sasa uko salama?

*Mama wa wawili:*
Niko kwa dada, na wanangu wote wawili.