Puri za pani puri hazivimbi na chatne ya kijani inageuka rangi, naombeni msaada

KungumangaTZ
Habari zenu wadau wa jikoni. Nilisoma Pune, India, miaka mitatu, nikarudi Dar 2017, na katika vyote nilivyoviacha kule ninachokitamani zaidi ni pani puri ya jioni. Unasimama na kibakuli mkononi, muuzaji anatoboa puri (kile kimkate kidogo kikavu cha kukaanga, chenye uwazi ndani) kwa kidole gumba, anatia ragda ya moto (ile rojo ya njegere kavu nyeupe), anaichovya kwenye maji ya nanaa na kukupa. Hujamaliza kutafuna, ya pili imeshafika.

Jumamosi nina wageni na nimewaahidi. Nimejaribu mara tatu, nimeshindwa. Kati ya puri 30 zilivimba 6, nazo baada ya nusu saa zikalegea. Chatne ya kotmiri inatoka kijani kizuri, lakini ikikaa saa moja inakuwa kahawia, na ina uchungu. Ya ukwaju ni maji matupu. Kwenye puri natumia suji kikombe kimoja, unga wa ngano nusu kikombe na kijiko cha mafuta, nakanda laini kama wa chapati. Nakosea wapi?

Chausiku_M
Pole shoga. Tia bekingi pauda kijiko kimoja cha chai, zitavimba zote.

Mzee wa Karai
Samahani dada Chausiku, hapo sikubaliani nawe. Bekingi pauda inaleta ulaini wa andazi, na puri tunataka ivunjike mdomoni. Nimesimama kwenye karai la duka la vitafunio Mombasa miaka mingi, na nimejifunza kwamba puri inavimbishwa na mvuke tu. Maji yaliyomo kwenye donge yakikutana na mafuta ya moto yanageuka mvuke, ule mvuke unatenganisha ngozi ya juu na ya chini.

Kwa hiyo binti yangu Kungumanga, anza na donge. Suji iwe ile nyembamba, kikombe kimoja, na unga wa ngano vijiko viwili vya kulia tu. Mafuta ya kukandia acha kabisa. Tia maji ya vuguvugu kidogo kidogo, ukande dakika kumi, donge liwe gumu kuliko la chapati. Lifunike kwa kitambaa kibichi nusu saa. Suji inakunywa maji polepole, na ukiharakisha utasukuma donge lenye chembechembe; penye chembe pana tundu, na mvuke unatorokea hapo.

Sukuma nyembamba, unene ule ule pande zote, ukate kwa kifuniko cha chupa ya mdomo mpana. Nadhani wewe ulizianika mezani ukingoja mafuta. Zikikauka juu hazivimbi. Zifunike kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka zinapoingia karaini. Mafuta yawe ya moto wa kutosha: ukitia kipande cha donge kiibuke juu mara moja bila kuungua. Tia nne au tano, zigonge taratibu kwa mgongo wa kijiko chenye matundu. Ikishavimba punguza moto, uiache ikauke mpaka iwe ya dhahabu. Zako zililegea kwa sababu ulizitoa zikiwa na rangi nje na unyevu ndani. Ziache zipoe kabisa kabla ya kuzitia kwenye kopo lenye kifuniko. Hewa ya pwani ina maji mengi.

Zisizovimba usitupe. Zikaange zikauke, hizo ndizo papdi. Weka viazi, mtindi na chatne juu yake.

NanaaNaNdimu
Mzee amemaliza habari ya puri, mimi niseme ya chatne. Blenda ikizunguka muda mrefu inapata joto, na joto linaua rangi ya majani. Tia vipande vya barafu badala ya maji, saga kwa kugusagusa, na ndimu iingie tangu mwanzo. Kipimo changu ni mafungu mawili ya kotmiri kwa fungu moja la nanaa, pilipili mbichi tatu, kipande cha tangawizi, chumvi, na kijiko cha dengu zilizokaangwa ili ishikane. Uchungu unatoka kwenye vijiti vya nanaa na mbegu za ndimu, viondoe.

Maji ya pani puri yanatokana na chatne hiyo hiyo: ongeza lita moja ya maji baridi, ukwaju kidogo, jira iliyokaangwa na kusagwa, na chumvi nyeusi. Kisha chuja. Nakusihi sana utumie maji yaliyochemshwa, na barafu ya maji hayo hayo, kwa sababu hapa hakuna kitu kinachopita motoni.

Ya ukwaju: ukwaju gramu 100, sukari guru kiasi hicho hicho, tende saba au nane. Chemsha pamoja dakika kumi, saga, chuja, rudisha motoni mpaka ishike mgongo wa kijiko. Tende ndizo zinazoipa uzito. Ikipoa itazidi kuwa nzito, usiikaushe sana.

Zinjibari88
Kwa kuwa karai litakuwa motoni, ongeza vada pav, yaani batata vada (donge la viazi la kukaanga) ndani ya mkate. Sisi Unguja kachori ni viazi vilivyopondwa, vikatiwa viungo, vikachovywa kwenye unga na kukaangwa. Ukiagiza kachori India utaletewa kitu kingine, cha ganda la ngano na dengu ndani. Kachori yetu ndugu yake ni batata vada ya Mumbai, kwa hiyo mkono wako tayari unaijua.

Mzee wa Karai
Kweli kabisa. Na yale matone ya unga wa dengu yanayobaki karaini yatoe, uyatwange na kitunguu saumu na pilipili nyekundu kavu. Ni chatne ya kupaka ndani ya mkate.

KungumangaTZ
Nimerudi, Jumapili jioni. Kati ya puri 60 zimevimba 52! Kosa langu lilikuwa kuzianika, kama alivyosema mzee. Chatne imekaa kijani mpaka usiku. Mama, ambaye hali vitu vya pilipili, alikula papdi za mtindi sahani mbili. Asanteni mno, Mungu awabariki. Chumvi nyeusi imeniishia, ile niliyokuja nayo. Hapa Dar naipata wapi?

NanaaNaNdimu
Hongera dada! Jaribu maduka ya viungo ya Kisutu, uliza kala namak. Ikisagwa inakuwa na wekundu uliofifia, si nyeusi, usidhani umeuziwa siyo. Inuse: ikinuka yai la kuchemsha ndiyo yenyewe.