Tahadhari ya dhoruba ikitolewa, BMU (vikundi vya usimamizi wa ufuo) zizuie boti zote Ziwa Victoria?

MWANZISHA MADA (Kisumu)

Wakuu, Kimbunga Beryl kilipokuwa kinaelekea msururu wa visiwa kati ya Barbados na Grenada mwishoni mwa Juni 2024, onyo lilitolewa mapema. Kituo cha vimbunga cha Miami hutoa onyo saa 36 kabla ya upepo wa kilomita 63 kwa saa kuanza. Kule Puerto Rico bandari hufungwa kwa awamu: saa 72, 48, 24, na zikibaki saa 12 hakuna chombo kinachoingia wala kutoka.

Sisi tuna visiwa vyetu ziwani: Rusinga, Mfangano, Takawiri, Remba, Ringiti. Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga inatoa utabiri wa ziwa, redio zinautangaza hadi kwa Kiluo, halafu kila mtu anafanya anavyotaka. Pendekezo langu: tahadhari kali ikitoka, BMU zote kuanzia Usenge hadi Sori zizuie boti. Atakayekaidi, injini yake ishikwe siku saba. Nani anapinga?

MWALIMU WA JIOGRAFIA (Nakuru)

Napinga. Umeleta dawa ya ugonjwa mwingine.

Kimbunga kama Beryl kinahitaji bahari yenye joto la nyuzi 26.5 kwenda juu, pamoja na nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupinda upepo hadi uzunguke. Karibu na ikweta nguvu hiyo ni hafifu mno, na Ziwa Victoria limekaa juu ya ikweta yenyewe. Beryl kilizaliwa tarehe 28 Juni katikati ya Atlantiki, kikapiga Carriacou, kisiwa cha Grenada, tarehe 1 Julai kwa upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Watu walikuwa na siku za kujiandaa. Dhoruba yetu huzaliwa na kufa usiku mmoja.

Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani, mawingu yanarundikana juu ya Nandi na Kericho. Jioni baadhi ya dhoruba hizo hushuka kuja Ghuba ya Winam. Usiku mambo yanageuka: nchi inapoa, maji yanabaki na joto, pepo za kutoka pande zote zinakutana ziwani na kupanda. Ndiyo sababu radi kali za ziwani ni za usiku wa manane hadi alfajiri. Mtabiri anaweza kusema mchana kwamba eneo fulani litachafuka usiku. Kama ni Takawiri au Remba, hilo halijulikani mpaka wingu liote. Upepo unaotangulia wingu ukienda kilomita 40 kwa saa, kilomita 20 ni nusu saa tu. Boti iliyo kilomita 10 kutoka ufuoni, kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, inataka dakika 50. Na ukifunga ziwa lote mara tatu, kukapambazuka maji shwari mara tatu, mara ya nne hakuna atakayekusikiliza.

KATIBU WA BMU (Siaya)

Mwalimu, heshima kwako, lakini hesabu yako inaunga mkono kufunga! Kama nusu saa haitoshi kurudi, atakayepona ni yule ambaye hakutoka.

Tena omena (dagaa wa ziwani) huvuliwa usiku kwa taa, mwezi ukiwa gizani. Maana yake boti nyingi ziko mbali saa zile zile ulizotaja. Na jambo ambalo hamjaligusa: kijana wa boti haamui. Boti ni ya mtu, injini ni ya mtu, petroli imekopwa, na yeye analipwa fungu baada ya gharama kutolewa. Akikataa kutoka, kesho nafasi yake ina mwingine. BMU ikifunga, kijana hana lawama kwa tajiri wake. Mimi naona hiyo ndiyo faida kubwa ya amri kuliko utabiri wenyewe. Na msiseme haiwezekani, kwani omena hufungwa Aprili hadi Julai na watu wamezoea.

FUNDI WA INJINI (Mbita)

Mnabishana juu ya upepo na mnasahau injini. Boti ya mbao hupinduka zaidi injini ikizima, boti ikakaa ubavu kwa wimbi.

Na injini huzimwa na vitu vidogo. Tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi limezibwa petroli isimwagike, basi mafuta hayavutiki. Maji yameingia kwenye mtungi. Plagi imejaa masizi kwa sababu oili ilimiminwa kwa kukisia. Injini nyingi za mchanganyiko zinataka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Beba plagi mbili, spana yake na kamba ya kuwashia.

Ikizima, funga nyavu ziwe bonge, zitupe kwa kamba ya mita 30 iliyofungwa mbele ya boti. Zitakokota na kuielekeza pua kwenye wimbi. Watu wakae chini, katikati, mmoja ateke maji bila kupumzika. Ikiwaka, kata wimbi kwa mshazari, mwendo mdogo. Usikimbie nalo mgongoni: ubao wa nyuma umekatwa chini ili injini ikae, na maji huingilia hapo hapo.

Mtungi mtupu wa lita 20 nao si jaketi ya kuokolea maisha. Unabeba uzito mwingi kuliko jaketi ya nyutoni 150, ambayo hubeba kilo 15 hivi, lakini hauwezi kumgeuza aliyezimia uso uangalie juu, na mkono ukichoka unauachia.

MUUZA SAMAKI (Luanda K'Otieno)

Mkifunga, semeni saa nane mchana. Mkisema saa kumi na mbili jioni barafu nimeshanunua, na mkopo wa barafu hausubiri hali ya hewa.

MTENGENEZA BOTI (Port Victoria)

Na mkifunga, boti zivutwe nchi kavu. Bridgetown, Barbados, kitovu cha Beryl kilipita mbali upande wa kusini, lakini mawimbi yaliponda boti nyingi za wavuvi zilizofungwa bandarini. Boti zikifungwa ubavu kwa ubavu zinavunjana zenyewe. Ng'oa injini, vuta boti juu ya magogo, ifunge pande mbili.

MWALIMU WA JIOGRAFIA (Nakuru)

Katibu, nimekuelewa kuhusu vijana. Basi ifungwe kwa eneo na kwa saa. Utabiri wa ziwa tayari unagawa maeneo, unataja upepo na urefu wa mawimbi. Eneo lililotajwa lifungwe kuanzia machweo hadi saa mbili asubuhi. Sori kukiwa shwari, Usenge isiwe sababu ya kuwazuia.

KATIBU WA BMU (Siaya)

Hapo tunaongea. Ila mwanzisha mada, hiyo adhabu ya kushika injini naikataa. Injini ikilala siku saba, wanaolala njaa ni wale wale vijana. Tajiri ana boti nyingine. Ashikwe mwenye boti: faini iwe yake, na isikatwe kwenye fungu la wavuvi.

MWANZISHA MADA (Kisumu)

Na boti ambayo mwenyewe anaishi Nairobi, hiyo faini mtamdai nani?